Haki ya Mwanagenzi na Ujira wa Fundi

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, aliyewafundisha waja wake kazi za mikono kama alivyowafundisha kuandika kwa kalamu, akamfanya Nabii Nuhu kuwa mjenzi wa chombo, na Nabii Daudi kuwa mfua chuma, na Nabii Zakariya kuwa seremala. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, aliyewachungia watu wa Makka mifugo yao kwa ujira wala hakuona haya kulitaja hilo, na ziwashukie jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baad. Katika magomvi yanayowafikia makadhi na wazee wa mitaa, liko moja ambalo watu hulidharau kwa kuliona dogo, nalo huvunja udugu na kuharibu riziki za watu wengi. Ni ugomvi baina ya mwenye kufundisha kazi na mwenye kufundishwa, wanapofika kwenye khabari ya ujira.

Mfano wake ni kama mtu aliyemchukua mwanawe wa miaka kumi na mitatu akampeleka kwa fundi seremala, akamwambia, "Huyu ni mwanao, mfundishe kazi." Fundi akajibu, "Inshaallah." Hapana neno lililozidi hapo. Haukutajwa muda, wala ujira, wala mpaka wa kazi yenyewe. Mwaka wa kwanza kijana alifagia takataka za randa na kuchemsha gundi. Mwaka wa pili akashika msumeno, na wa tatu akapiga randa. Mwaka wa nne fundi akamwambia mbele ya watu, "Fanya kazi tu, mwanangu, mwenyewe utafurahi." Mwaka wa tano kijana alikuwa akiufanya mlango mzima, tangu kupima mbao hatta kutia bawaba, na fundi akiuuza kwa bei ile ile auzayo milango ya mkono wake. Na yule kijana hupata chakula cha mchana, na kanzu siku ya Idi, na pesa kidogo za njiani.

Alipoomba mshahara, fundi alimwambia, "Nimekufundisha kazi, nawe wataka nikulipe?" Tangu siku hiyo mkono wa kijana ukawa mzito. Akachelewa kuja, akaharibu mbao ambazo zamani asingeziharibu, akajibu kwa nusu ya neno. Khalafu asubuhi moja hakuonekana. Alikuwa amefungua banda lake mtaa wa pili, na wateja wawili wa fundi wamemfuata. Fundi akaapa kuwa hatamfundisha tena mtoto wa mtu. Na wote wawili huswali katika msikiti mmoja, safu moja, wala hawapeani salamu.

Ukimuuliza fundi atasema amedhulumiwa, na ukimuuliza kijana atasema vivyo hivyo. Na kila mmoja wao ana sehemu ya haki na sehemu ya makosa. Kwa hivyo haifai kumhukumia yeyote kati yao kwa kumsikitikia tu. Hapana budi kuyarejea maneno ya wanavyuoni.

Jua kwamba ijara, katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ni kuuza manfaa kwa badala inayojulikana. Fundi ana manfaa ya kuuza, nayo ni ujuzi wake. Kijana naye ana manfaa ya kuuza, nayo ni nguvu za mikono yake. Inasihi manfaa kuwa badala ya manfaa, yaani huyu amfundishe na yule amtumikie, lakini kwa sharti kila upande ujulikane. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja katika Minhaj kwamba mwenye kuajiriwa kufundisha Qur'ani hapana budi kazi yake ikadiriwe kwa muda au kwa kutajwa sura atakazozifundisha. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo katika mafunzo yaliyo bora kupita yote, vipi kufundisha useremala kuachwe wazi bila ya mwanzo wala mwisho?

Na liko kosa jingine ambalo wengi wa mafundi wa pwani wamelizoea hatta wameliona kuwa ndio sheria, nalo ni kusema kuwa ujira wa mwanagenzi ni chakula chake na nguo zake. Kwa Imam Malik jambo hili lina njia, yakifuatwa mazoea ya watu. Ama kwa Shafi'i ujira wa namna hiyo haujulikani, kwani chakula kina kidogo na kingi, na nguo ina ya thamani na ya duni, basi mapatano hayo ni fasidi. Na mapatano yakifasidi, kazi ya mtu haipotei bure. Hulazimika ujira wa mfano wake, yaani kile ambacho mtu wa kazi kama ile hulipwa katika mji ule na wakati ule, na alichokwisha kula kwa hesabu ya ujira kitatiwa katika hesabu.

Lakini katika mfano uliotangulia hakikutajwa chakula wala kisichokuwa chakula. Palikuwa na kimya kitupu, na kimya kina hukumu yake. Nawawi ameleta mas-ala ya mtu aliyempa mshoni nguo amshonee, naye akashona, wala haukutajwa ujira. Kauli yenye nguvu zaidi katika madhehebu ni kuwa mshoni hapati kitu, kwani ametoa manfaa yake bila ya kushurutisha badala, kama mtu aliyemlisha mwenziwe chakula asimtajie bei. Kauli nyingine inasema atapata. Na iko kauli ya tatu, ambayo baadhi yao wameipenda, kwamba akiwa ni mtu mashuhuri kwa kufanya kazi ile kwa malipo basi atapata, na asipokuwa hivyo hapati. Mtu akiisoma kauli ya kwanza peke yake hudhani kuwa imempa fundi ushindi. Na wako mafundi waliosikia maneno haya katika darsa, wakayashika kwa mikono miwili, wakaacha kusikiliza yaliyofuata.

Yaliyofuata ni mambo mawili. La kwanza, wenye kuisherehi Minhaj, katika hao Ibn Hajar wa Haytam aliyefariki mwaka 974 wa Hijra, na Ramli aliyefariki mwaka 1004, wamebainisha kuwa hukumu hii ya kukosa ujira ni ya mtu mwenye kumiliki matumizi ya mali yake, mwenye uwezo wa kutoa sadaka. Ama asiyekuwa na uwezo huo, kama aliyezuiliwa kwa usafihi, yeye hustahiki ujira bila ya shaka, kwani manfaa yake si ya kutolewa bure. Na mtoto asiyebaleghe ni aula kwa hukumu hiyo. Basi tazama ni watoto wangapi wanaosukuma randa, na kushika spana chini ya magari, na kuchoma vyuma, na kushona vifungo, nao hawajabaleghe, na watu wazima wananyamaza wakidhani kuwa kimya chao ni ridhaa ya mtoto. Mtoto hana ridhaa ya kutoa. Hatta baba yake hana ruhusa kuitoa kazi ya mwanawe kuwa zawadi kwa mtu mwingine, maana walii hutumia katika mali ya mtoto kwa maslaha ya mtoto. Ikiwa mafunzo anayoyapata yana thamani sawa na kazi anayoitoa, hayo ni maslaha yake, na baba amefanya vema. Ikiwa kutwa anachota maji na kufagia, na kwa mwezi mzima hakuonyeshwa kitu, basi huyo ni mtumishi asiyelipwa, na kumwita mwanagenzi hakubadilishi kitu.

La pili ni neno ambalo fundi alilitamka mwaka wa nne. Wanavyuoni wamesema kwamba mwenye kazi akigusia ujira kwa neno lisilokuwa wazi, kama kumwambia mtu kuwa atamridhisha, au hatamvunja moyo, au ataona litakalompendeza, basi ujira wa mfano umekwisha kulazimika. Neno hilo limemtoa mfanya kazi katika hali ya kujitolea, likamtia katika hali ya kutumaini, na kutumaini huko kumeletwa na aliyelisema. Waajiri wa zama hizi wajiangalie katika ndimi zao. Mwenye duka amwambiaye karani wake, "Jifunze kutumia mashine hii, mambo yako yatakuwa mazuri," na mkubwa wa afisi anayewapeleka watu mafunzoni huku akiwapa dokezo la kupandishwa daraja, wasifikiri kuwa wamesema maneno ya kupita njia. Mfanya kazi akiitenda ile kazi mpya kwa kulitegemea neno lile, amekwisha kuwa na madai.

Na hapa ndipo penye shina la mambo. Mtu akifundishwa kazi, hufundishwa pamoja nayo kuijua thamani yake. Aliyekuwa hajui kupima mbao hakuwa na la kudai. Siku aliyojua kupima alijua pia kuwa mlango unauzwa kwa kiasi gani. Haiwezekani kuifungua akili ya mtu katika jambo moja na kuiacha imefungwa katika lile lililo ubavuni mwake. Kwa hivyo mwajiri anayefundisha bila ya kufikiri habari ya ujira utakaofuata ni kama mtu apandaye mnazi asitazamie kuwa utazaa.

Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 wa Hijra (1406), ameyatazama haya katika Mukadima yake, akaeleza kuwa kazi za ufundi hustawi pale zinapotakiwa na kununuliwa, na pasipo na wa kuzitaka watu huacha kujifunza, kwa kuwa mtu hakubali kuitoa kazi yake kwa bure nayo ndiyo chumo lake. Na mahali pengine katika kitabu hicho hicho amesema kuwa ukali na kulazimisha humharibu mwanafunzi, humwondolea uchangamfu, humfundisha uvivu na uwongo na hila. Ukiyaweka maneno haya mawili pamoja utamwona yule kijana wa seremala waziwazi. Mbao zile hakuziharibu kwa kutojua. Alikuwa amejua zaidi kuliko pale alipokuwa akizifanya vizuri.

Wala isidhaniwe kuwa fedha peke yake ndiyo inayoamsha moyo. Imepokewa kwamba ilipofunguliwa Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdadi, mwaka 459 wa Hijra (1067), na waalimu wake wakawekewa mishahara, maulamaa wa nchi za ng'ambo ya mto Jayhun walifanya kilio kwa ajili ya elimu, wakikhofu kuwa sasa itatafutwa na wavivu na wenye tamaa. Walikuwa na haki ya kukhofu. Lakini iko na khabari ya upande wa pili. Mahanafi wa zamani walikuwa wakikataza kuchukua ujira wa kufundisha Qur'ani. Na zilipokatika posho za waalimu kutoka hazina ya Waislamu, wafundishaji wakapungua, na waliokuja baadaye katika wao wakatoa fatwa ya kuruhusu, kwa kuchelea Qur'ani isipotee. Mashafi'i walikuwa na ruhusa hiyo tangu mwanzo. Na kwa kusema kweli, wengi wa wanaosifu waalimu wa vyuo kwa kufundisha kwa ajili ya Mungu ni wale ambao ada za watoto wao zina miezi mitatu hazijafika.

Katika Marekani, mtu mmoja mwenye elimu ya nafsi, jina lake Frederick Herzberg, pamoja na wenziwe, walitoa kitabu mwaka 1959 baada ya kuwauliza mainjinia na wahasibu 203 wa upande wa Pittsburgh ni lini walifurahi katika kazi zao na ni lini walichukia. Waliona kuwa furaha hutokana zaidi na kufaulu, na kutambuliwa, na kazi yenyewe, na kupanda daraja; na mshahara ukitajwa, mara nyingi hutajwa kwa upande wa chuki, mtu anapoona amepunjwa. Wako waliomkosoa kwa namna alivyouliza. Lakini mwenye kuishi na mafundi ataona kuna ukweli ndani yake: kumfundisha mtu ni kumheshimu, naye huipenda kazi kwa heshima hiyo, na kumpunja baada ya kumfundisha humwonyesha kuwa heshima ile ilikuwa chambo.

Mtume (s.a.w.) alimwamrisha kijana Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa sababu hakuwaamini katika barua zake, na Zaid akayajua katika muda wa nusu ya mwezi. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akimsomea na kumwandikia barua hizo. Hakufundishwa kitu kikawekwa kando; alikabidhiwa kazi ile ile aliyojifunza, na baadaye, katika ukhalifa wa Abu Bakr, akakabidhiwa kuikusanya Qur'ani. Na kabla ya hayo, katika mwaka wa pili wa Hijra, mateka wa Badri waliojua kuandika na hawakuwa na mali walifanyiwa fidia yao kuwa ni kuwafundisha watoto kumi kumi wa Madina. Kufundisha kulihesabiwa kuwa mali kamili, kuliweza kumnunulia mtu uhuru wake. Basi fundi asemaye kuwa mafunzo yake yana thamani hasemi uwongo. Kosa lake ni kuitoza thamani hiyo bila ya kuitaja, na bila ya kikomo.

Iko khofu ya waajiri ambayo haifai kuchekwa. Mwajiri husema, "Nikimfundisha ataondoka, na mali yangu itamfaa jirani." Gary Becker, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, aliiandika hoja hii mwaka 1964 kwa kutenga namna mbili za mafunzo: yale yenye kumfaa mtu kila aendapo, na yale yasiyofaa ila katika nyumba ile ile aliyofundishiwa. Ya kwanza, akasema, mfanya kazi huyalipia mwenyewe kwa kukubali ujira mdogo anapojifunza. Ya pili mwajiri hana budi kuyabeba pamoja naye. Useremala ni wa namna ya kwanza. Kujua daftari la duka fulani ni namna ya pili. Na wazee wa pwani walilijua hilo bila ya kitabu, ndiyo maana mwanagenzi hakuwa akidai mshahara wa fundi. Walichokisahau ni kuwa kujifunza kuna mwisho, na ujira mdogo una mwisho pamoja nako.

Kwa khofu hiyo baadhi ya mafundi huficha. Mshoni humwachia kijana cherehani mwaka mzima, na inapofika saa ya kukata kitambaa humtuma akanunue chai. Kukata ndiyo roho ya ushoni, na anayejua kushona tu bila ya kukata atabaki kuwa kibarua wa watu. Ikiwa fundi hakumuahidi mtu mafunzo, hana dhambi kunyamaza na ujuzi wake, maadamu mji hauhitaji. Ama ikiwa mji hauna mwingine, Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), amezihesabu kazi kama kulima na kusuka nguo na kushona kuwa ni fardhi ya kifaya, na asiyeziacha zifike kwa watu huiacha dhambi iwazunguke wote. Lakini aliyechukua kazi ya mtoto kwa miaka kwa badala ya kumfundisha, khalafu akamtuma chai wakati wa kukata, huyo ameuza kitu na hakukikabidhi. Hapana tofauti baina yake na mwenye kupunja vipimo, aliyetishwa katika Qur'ani kwa sura nzima.

Wengine hawafichi, ila humfunga mtu. Humlipia ada ya chuo, wakamwambia, "Utarudi unitumikie miaka mitano, na ukiondoka utanilipa mara mbili." Hapa pana mitego mitatu. Ikiwa ada ile ilikuwa zawadi, na mtu amekwisha kuipokea, haifai kuirejea. Mwenye kurejea katika zawadi yake amefananishwa katika hadithi na mnyama anayerejea matapishi yake, na baba tu ndiye aliyeruhusiwa kwa mwanawe. Ikiwa ni karadha, hulipwa kadiri ile ile, na kuzidisha mara mbili ni riba. Na ikiwa ni karadha kwa sharti kwamba mkopaji amfanyie mkopeshaji kazi kwa ujira wa chini, hiyo ni karadha yenye kuvuta manfaa, na sharti hilo linaifasidi. Tena liko la nne lisilojulikana na wengi. Kumwajiri mtu mwenyewe kwa manfaa ya wakati ujao, kama kusema leo, "Nimekuajiri kuanzia mwaka kesho," hakusihi katika Shafi'i. Kinachosihi ni muda unaoanza sasa, au kuufuatisha mwaka wa pili kwa yule yule aliyekwisha kuajiri mwaka wa kwanza kabla haujamalizika.

Basi njia iliyo salama ni moja na si ngumu. Wapatane mapatano yaanzayo leo, ya miaka mitatu kwa mfano, na ujira wa kila mwaka utajwe peke yake: mwaka wa kwanza kiasi hiki pamoja na kufundishwa kitu fulani, wa pili umezidi, wa tatu umezidi tena. Kila mmoja ataona mbele yake. Kijana atajua kuwa udogo wa ujira wa leo umeandikiwa siku ya kwisha, na mwajiri atajua kuwa aliyemfundisha hataondoka kabla ya muda, kwani ijara ni mkataba wenye kulazimu pande zote mbili. Nabii Musa alipofika Madyan na yule mzee akataka kumwajiri, walitaja miaka minane, na kumi ikiwa ni hisani ya Musa mwenyewe, na mzee akamwambia kuwa hataki kumtia mashakani. Ibn Abbas amesema kuwa Musa alitimiza ule muda ulio mrefu zaidi. Mwenye kujua wazi kuwa analazimiwa minane ndiye aliyeweza kutoa kumi kwa moyo wake. Asiyejua mpaka wa haki iliyo juu yake huliona kila tone la jasho lake kuwa limeibwa.

Na mfanya kazi naye asidhani kuwa waraka huu umeandikwa kwa ajili ya kumtetea. Aliyekwisha kupatana ujira wa miaka mitatu, kisha akapata cheti katikati yake, hana haki ya kuuvunja mkataba kwa kuwa amejiona ghali. Angoje muda wake, khalafu adai alitakalo. Na mwenye kuizuia nguvu yake makusudi, akaja kwa mwili na moyo wake akauacha nyumbani, naye anapokea ujira kamili, amepunja vipimo kwa upande wake. Ikiwa amedhulumiwa, njia ni kudai, na kushitaki, na kuondoka kwa uwazi muda ukiisha. Kuharibu mbao si katika njia hizo, na mbao alizoziharibu makusudi ni juu yake kuzilipa. Abu Ubaida alimwambia Sayidna Umar kuwa, ikiwa hapana budi kuwatumia masahaba katika kazi za serikali, basi awatosheleze kwa ujira wasije wakaingia katika khiyana. Neno hili ni la kuwausia wenye kuajiri. Wezi wamelifanya kuwa udhuru wao, nalo halikusemwa kwa ajili yao.

Katika Tanzania bara, sheria ya mwaka 1994 imeiweka VETA kusimamia mafunzo ya ufundi, na fundi aliyejifunzia karakanani bila ya kuingia chuo anaweza kupimwa na kupewa cheti. Katika Kenya sheria ya mafunzo ya viwanda inataka mkataba wa mwanagenzi uandikwe. Waislamu hawana sababu ya kuyaona haya kuwa ni mambo ya serikali tu, na hali aya iliyo ndefu kupita zote katika Qur'ani imekuja kuamrisha kuandikiana.

Imebaki hukumu ya seremala na kijana wake. Kufungua banda mtaa wa pili hakuna kosa. Riziki haikufungwa mlangoni kwa mtu, na wateja si mali ya yeyote. Ila ikiwa wale wateja wawili walikwisha kupatana na fundi na kijana akawashawishi wavunje, hapo ameuza juu ya biashara ya nduguye, nayo ni haramu. Miaka ya utoto wake huhesabiwa: kazi aliyoifanya kwa ujira wa mfano, na mafunzo aliyoyapata na chakula alichokula kwa thamani yake, na huenda katika miaka miwili ya mwanzo fundi akawa ndiye mwenye kudai, kwani mfagia takataka za randa hana ujira mkubwa. Alipokwisha kubaleghe, muda wa kimya unarejea kwenye ikhtilafu iliyotajwa. Ama tangu siku ile ya mwaka wa nne, lilipotamkwa neno la kufurahi mbele ya watu, kila mlango uliouzwa una ujira wa kijana ndani yake, na mashahidi wako. Zitolewe humo thamani ya mbao zilizoharibiwa. Kadhi akiwaona wanakubali, awaite kwenye sulhu kabla ya kuandika hukumu, wakae na daftari la milango na mtu wa tatu mwenye kujua bei za mbao, waihesabu milango mmoja mmoja. Na Mwenyiezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.